Mwalimu wa urubani wa burudani Marekani: shule kubwa, klabu, au mzee wa uwanja mdogo?

Ukipiga simu shule ya urubani hapa Marekani ukasema unataka cheti cha rubani wa burudani, upande wa pili patakuwa kimya kidogo, kisha utaulizwa: "Kwa nini usisomee cha rubani binafsi moja kwa moja?" Mwaka 2022, nikiwa hapa Minnesota, niliulizwa hivyo mara nne, na mara zote nne mazungumzo yakafia hapo. Mtu wa tano hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Unataka kumrusha nani?" Nikamjibu: mke wangu. "Basi viti viwili vinatosha," akasema, akanipa siku ya kwenda kumwona.

Tangu nipate cheti changu, ndugu kadhaa wa hapa, Wakenya, Watanzania na Wakongomani, wamenipigia kuuliza nilimpataje mtu wa kunifundisha. Jibu linahitaji maelezo, kwa sababu walimu wako wa aina nyingi na anayemfaa mmoja hamfai mwingine. Nitawaweka bega kwa bega, niseme nani ningemfuata na nani ningemkwepa.

Kuna jambo moja nililichelewa kulijua, na ndilo lililobadili jinsi ninavyowashauri watu. Cheti cha burudani hukurudisha kwa mwalimu hata baada ya kufaulu. Ukitaka kwenda mbali, unahitaji saini yake. Ukitaka kuingia uwanja wenye mnara wa kuongozea ndege, saini yake. Ukikaa miezi mingi bila kuruka, saini yake tena. Kwa hiyo unapotafuta mwalimu wa cheti hiki, unatafuta mtu utakayekuwa naye miaka, na hapo orodha ya watu wa kuwafikiria inakuwa fupi.

Vyeti vitatu vikikaa pamoja

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ina vyeti vitatu vya kuanzia ambavyo mtu wa kawaida huvifikiria. Haya ni ya upande wa ndege za injini moja (BasicMed, utakayoiona hapo, ni njia ya kupimwa afya na daktari wa kawaida badala ya daktari wa FAA):

| | Burudani | Spoti | Binafsi |
|---|---|---|---|
| Saa za chini kabisa | 30 | 20 | 40 |
| Kati yake, na mwalimu | 15 | 15 | 20 |
| Kati yake, peke yako | 3 | 5 | 10 |
| Abiria | mmoja | mmoja | kadiri ya viti |
| Afya | cheti cha daktari wa FAA au BasicMed | leseni ya udereva inatosha mchana | cheti cha daktari wa FAA au BasicMed |
| Usiku | hapana | kwa mafunzo, saini na uthibitisho wa afya | ndiyo |
| Umbali | maili 50 za baharini, zaidi kwa saini | bila kikomo | bila kikomo |
| Maswali ya mtihani wa kuandika | 50 | 40 | 60 |

Cha burudani kilianza mwaka 1989. Wazo lilikuwa zuri: mtu anayetaka kuruka karibu na kwao, mchana, na rafiki mmoja, asilazimishwe kulipia mafunzo ya usiku na ya safari ndefu. Ndege yake iwe na injini moja isiyozidi nguvu za farasi 180, viti visivyozidi vinne, na magurudumu yasiyokunjwa. Cessna 150, 152 na 172 nyingi zinaingia humo, na Piper Cherokee nazo. Asipande zaidi ya futi 10,000 kutoka usawa wa bahari, au futi 2,000 juu ya ardhi pale ambapo hicho ndicho kiwango cha juu zaidi. Lakini watu hawakukifuata. Marubani binafsi ni zaidi ya laki moja nchi nzima. Wa burudani hawajai hata ukumbi wa harusi. Ndiyo sababu mwalimu kijana anaweza kufundisha miaka mitatu asikutane na mwanafunzi hata mmoja anayekitaka.

Lazima niseme na hili waziwazi, maana sitaki mtu atumie pesa zake kwa kufuata njia niliyopita mimi wakati njia imebadilika. Cheti cha spoti kilipoanza mwaka 2004 kilikubana kwenye vindege vyepesi vya kilo 600 hivi, na viwanja vingi havikuwa navyo. Tarehe 22 Oktoba 2025 kanuni mpya zilianza kufanya kazi. Sasa rubani wa spoti anaweza kurusha ndege ya viti vinne, mradi kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linaibeba, bila kushusha flapu (vile vipande vya nyuma ya bawa), isizidi maili 59 za baharini kwa saa. Cessna 172 nyingi na Cherokee nyingi zinaingia hapo. Abiria bado ni mmoja, lakini saa ni chache, kikomo cha maili 50 hakipo, na mchana leseni ya udereva inatosha.

Kwa anayeanza leo kwenye ndege, basi, spoti inashinda karibu kila mahali. Kama uko katikati ya mafunzo ya burudani na zimebaki saa chache, kaa na mwalimu wako mpige hesabu upya, maana saa ulizokwisha kuruka naye hazipotei. Nitaendelea kusema "burudani" kwa sababu ndicho nilichosomea, lakini karibu kila nitakalosema kuhusu mwalimu linamhusu pia wa spoti. Shule zilizonikatalia mimi zinamkatalia na yeye, kwa maneno yale yale.

Neno la tahadhari kuhusu afya. Leseni ya udereva inatosha kwa spoti mradi ombi lako la mwisho la cheti cha afya cha FAA halikukataliwa. Ukiwa na ugonjwa unaokutia wasiwasi, usikimbilie kujaza fomu ya FAA ili "uone itakuwaje". Ukikataliwa, umejifungia mlango ambao ulikuwa wazi. Ongea kwanza na daktari anayejua mambo ya marubani, kabla ya kuandika chochote. Na kwa burudani au binafsi, BasicMed haimsaidii mgeni wa mwanzo: inamtaka mtu aliyewahi kupata cheti cha afya cha FAA baada ya tarehe 14 Julai 2006, kwa hiyo lazima upite kwa daktari wao angalau mara moja.

Kisheria, nani anaweza kukufundisha

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Nimewahi kuambiwa na mhudumu wa shule moja, "Hatuna kibali cha cheti hicho." Mwalimu wa kawaida wa FAA, hawa tunaowaita CFI, aliyeidhinishwa kwa ndege za injini moja, hahitaji kibali cha ziada kumfundisha rubani wa burudani. Idhini ile ile anayofundishia rubani binafsi inatosha. Anayekukatalia, basi, ana sababu nyingine: mtaala wa shule, bima, biashara, au tu hajawahi kuifanya kazi hiyo na anaogopa kukosea makaratasi. Sababu hizo zinaeleweka, na baadhi zinaweza kuzungumzwa zikaisha. Lakini ukiishaambiwa "sheria hairuhusu", ujue hujaongea na mtu sahihi.

Tofauti ni mwalimu wa spoti peke yake. Huyu aliupata ualimu kwa mlango mdogo, anaweza kuwa na saa 150 tu za kuruka, na hawezi kukusainia mtihani wa burudani. Saa unazoruka naye zinaweza kuhesabiwa baadaye kwa masharti. Kama lengo lako ni spoti, mfuate bila wasiwasi. Wengi wao wanaipenda kazi. Kama ni burudani au una ndoto ya binafsi, muulize swali moja tu mwanzoni: idhini yako ni ya spoti peke yake, au ni kamili?

Shule kubwa

Ina ndege kumi au ishirini, mashine ya kuigiza urukaji, ratiba kwenye simu, na mtaala uliopitishwa na FAA. Ndege ikiharibika asubuhi unapewa nyingine. Kwa kijana anayetaka kuwa rubani wa mashirika, ningemwambia aende huko bila kusita.

Kwa burudani, hapana. Kanuni zinaruhusu shule ya namna hiyo kuomba mtaala wa burudani upitishwe, lakini wachache sana wamejisumbua, na bila mtaala huo wewe ni karatasi isiyo na faili.

Tatizo langu kubwa zaidi ni jingine. Tangu mwaka 2013, mtu anayetaka kuketi kiti cha msaidizi kwenye ndege ya abiria ya shirika anahitaji kwa kawaida saa 1,500. Sharti hilo lilitokana na sheria iliyopitishwa baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009. Kijana mwenye saa 300 anazipataje 1,200 zilizobaki? Anafundisha. Anakaa nawe mwaka mmoja, zikitimia anaondoka, na ni haki yake. Rafiki yangu, nesi wa zamu za usiku, alibadilishiwa walimu watatu ndani ya miezi saba kwenye shule moja ya aina hii. Kila mpya alitaka kuanza kwa kumpima upya: kugeuza ndege kwa mwinamo mkali, kuiokoa bawa linapoacha kuibeba, kutua. Hakuna aliyefanya kosa, ila kila kipimo alikilipia yeye, pesa taslimu.

Shule hizi pia hupenda viwanja vyenye mnara. Hilo lina uzuri wake: unazoea redio tangu siku ya kwanza, na mafunzo ya kuingia anga la mnara, ambayo wa burudani lazima ayapate na kusainiwa, unayapata njiani. Ubaya ni kwamba saa ya ndege inahesabu tangu injini inapowaka. Ukisubiri dakika 15 nyuma ya foleni, hujafundishwa kitu na umelipa.

Shule ndogo

Ndege mbili au tatu, na mwenye shule ndiye mwalimu mkuu. Hapa jibu linategemea umeongea na nani. Mhudumu wa mapokezi atakuambia hapana kwa sababu hajawahi kuona ombi kama hilo. Omba kuongea na mwenye shule, au nenda mwenyewe Jumamosi asubuhi umkute.

Jibu utakalolipata mara nyingi ni hili: "Anza kama binafsi, halafu tutaona." Usilikatae haraka. Masomo ya mwanzo ni yale yale: kupaa, kutua, kushughulikia injini ikizimika, kuruka peke yako kwa mara ya kwanza. Lakini "tutaona" ina tabia ya kurefuka. Mwombe akuandikie, hata kwa mkono, lini mtafanya saa mbili za mafunzo ya kwenda uwanja ulio zaidi ya maili 25 za baharini, pamoja na kupaa na kutua mara tatu huko, na lini saa tatu za maandalizi ya mtihani. Hizo ndizo ambazo cheti cha burudani kinazitaka kwa jina. Akikubali kuziandika, ni mtu wa kazi. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Klabu

Kwa bei, klabu ni vigumu kuishinda. Wanachama wanamiliki ndege kwa pamoja, wanalipa ada ya mwezi, na saa ya kuruka inakuwa nafuu kuliko ya kukodi. Walimu ni wanachama wenyewe, wengi wana kazi nyingine na hawamkimbizi mtu.

Lakini kabla hujampenda mwalimu, omba katiba ya klabu na masharti ya bima. Kuna klabu zinazomkubali mwanafunzi, zinamkubali rubani binafsi, na zimemsahau kabisa wa burudani katikati. Utajikuta umefaulu na huwezi kuichukua ndege uliyojifunzia. Swali la kuuliza ni hili: "Siku nikipata cheti cha burudani, nitaruhusiwa kuichukua ndege hii na abiria mmoja?" Taka jibu la maandishi kutoka kwa anayeshughulikia bima, maana mwenyekiti wa klabu anaweza kukujibu kwa moyo mzuri tu.

Mzee wa uwanja mdogo

Huyu ndiye aliyeniuliza nataka kumrusha nani. Anafundisha mwenyewe, hana ofisi, ana banda moja na Cessna 150 aliyoinunua zamani. Uwanja hauna mnara; marubani wanatangaziana wenyewe kwenye redio ya pamoja. Pembezoni mwa Minneapolis na St. Paul viwanja vya namna hiyo vipo, kwa mfano Lake Elmo na Airlake, na karibu kila mji mkubwa wa Marekani umezungukwa na vya kwake. Ukitaka kumpata mtu wa aina hii usimtafute kwenye matangazo. Nenda Jumamosi asubuhi, tafuta banda lililofunguliwa mlango, salimia, uliza nani hapa anafundisha.

Siku ya kwanza hatukuruka. Alinipa kikombe cha plastiki chenye kijiti katikati, akanionyesha pa kukisukumia chini ya bawa, mafuta yakachuruzika ndani. Petroli ya ndege ina rangi ya samawati iliyofifia, kama maji ya kufulia yaliyotiwa buluu kidogo. Akakiinua kikombe kwenye mwanga wa mlangoni. "Unaona nini?" Nikasema mafuta. "Angalia chini." Palikuwa na tone dogo, angavu, limekaa chini kabisa kama shanga. Maji. Alikuwa ameyatia yeye mwenyewe kabla sijafika, ili nione kwa macho kitu kinachozima injini futi mia tatu juu ya miti. Akanifanya nichote tena na tena kutoka kila mahali pa kuchotea, na kila mara nimwambie ninachoona. Saa nzima ilipita hivyo, na hakunitoza senti.

Sisemi kila mzee yuko hivyo. Lakini mtu asiyehesabu saa za kwenda mashirika ana muda wa kufundisha hivyo, na ndicho unachokitafuta.

Kasoro zake ni za kweli na uzijue mapema. Ni mmoja: akiugua, masomo yanasimama. Ndege ni moja: ilipofika wakati wa ukaguzi wa mwaka tukakaa wiki tano chini, nikapoteza wepesi wa mkono na kulipia saa mbili za kuurudisha. Redio ya mnara niliijua vibaya mpaka tulipokwenda kwa makusudi kuifanyia mazoezi kwingine. Na hana wa kumsimamia, kwa hiyo kazi ya kumchunguza ni yako. FAA ina ukurasa wa umma ambapo unaingiza jina la mtu ukaona vyeti alivyonavyo. Fanya hivyo bila aibu. Tangu Desemba 2024 vyeti vya ualimu havina tena tarehe ya mwisho, lakini mwalimu lazima atimize masharti ya kufundisha ndani ya kila miezi 24, kwa hiyo muulize alitimiza lini. Muulize pia bima: ndege ikigonga kitu ukiwa peke yako, nani analipa? Wangu alinionyesha karatasi, akaniambia wazi kwamba bima yake hainifuniki mimi, nikanunue yangu ya kurushia ndege ya mwingine. Nikanunua.

Pesa

Chukua ndege ya dola 170 kwa saa pamoja na mafuta, na mwalimu wa dola 70. Kwa saa za chini kabisa, spoti ni dola 4,450, burudani 6,150, binafsi 8,200. Ongeza daktari, mtihani wa kuandika, mtahini, vitabu na vipokea sauti. Tena karibu hakuna anayemaliza kwa saa za chini kabisa. Mimi nilimaliza burudani kwa saa 41, na mtu anaweza kusema: hizo si zinapita 40 za binafsi? Zinapita. Lakini sikufanya usiku, sikufanya kuruka kwa kutazama vyombo pekee, sikufanya safari ya maili 150 peke yangu, na wanaosomea binafsi wengi hufika saa 60 au zaidi kabla ya mtihani. Kwa mzee, saa yangu ilikuwa nafuu sana kuliko hiyo ya mfano. Tofauti ya mwalimu iliniokolea pesa nyingi kuliko tofauti ya cheti.

Kwa wasio raia

Hapa shule kubwa inampiku mzee, na ni haki kulisema. Kama huna uraia wa Marekani, hata ukiwa na grinikadi, lazima upitishwe kwanza na TSA, idara ya usalama wa usafiri, kabla ya kuanza kuruka kwa ajili ya cheti cha burudani, spoti au binafsi. Mwalimu naye lazima awe amejisajili kwenye mfumo wao. Shule kubwa zinafanya hivyo kila wiki. Mwalimu wa kujitegemea huenda hajawahi, na wengine watakukataa kwa sababu hiyo bila kuitaja. Mimi nilikuwa nimeshapata uraia, nikaonyesha pasipoti, mzee akaandika kwenye daftari, basi. Shemeji yangu wa Brooklyn Park, mwenye grinikadi, alisubiri wiki kadhaa mpaka mzee ajisajili na jibu la TSA lirudi. Ukiulizwa uraia kwenye simu ya kwanza, usione umebaguliwa. Ndiyo sheria yenyewe. Litaje wewe mwanzoni, upate kujua kama mtu yuko tayari kwa kazi hiyo.

Swali la pili la ndugu zetu: nikirudi nyumbani, nitaweza kuruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, au Dar? Kwa cheti cha burudani au cha spoti, hapana. Vyote viwili haviko kwenye viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa hiyo mamlaka za Kenya au Tanzania hazina cha kukitambua. Cha binafsi ndicho unachoweza kukipeleka huko ukaanza taratibu zao. Kama kurudi ni mpango wa miaka mitatu ijayo na si ndoto tu, acha haya yote, mtafute mwalimu wa binafsi leo.

Baada ya kufaulu

Sasa turudi kwenye zile saini. Hapa Minnesota, mwezi wa kumi na mbili jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Rubani wa burudani haruki baada ya jua kuzama, kwa hiyo anayetoka kazini saa kumi na moja haruki siku za kazi kuanzia vuli mpaka machipuko. Zinabaki wikendi, na wikendi zina theluji na barafu. Kanuni inasema rubani wa burudani mwenye saa chini ya 400, akikaa siku 180 bila kuongoza ndege, haruhusiwi kuongoza tena mpaka mwalimu amfundishe na kumsainia. Majira yangu ya kwanza ya baridi niliruka mara ya mwisho mapema Oktoba, na Aprili ikanikuta nimeshavuka. Nikampigia mzee. Kwa sababu ananijua, alijua hasa kitakachokuwa kimechakaa, kutua na upepo wa ubavuni, tukakifanyia kazi saa moja na nusu, akasaini.

Mwenzangu mmoja aliyefundishwa na kijana aliyekwisha kwenda mashirika hakuwa na mtu huyo. Ilibidi atafute mwalimu mpya, ajieleze upya cheti chake ni nini, na aruke saa tano kabla ya huyo mgeni kuridhika.

Ndivyo ilivyo pia na umbali. Duluth, ambako mke wangu ana dada, ni zaidi ya maili 100 za baharini. Ili nipite maili 50 nilihitaji mafunzo ya safari ndefu yale yale ya rubani binafsi, ramani, hali ya hewa, mafuta ya akiba, na saini. Tulifanya kiangazi kilichofuata, polepole, bila shule yoyote kuniambia nijiandikishe kozi.

Mtahini

Mtihani wa kuruka hufanywa na mtahini aliyeteuliwa na FAA, na foleni zao ni ndefu. Mtihani wa burudani una kitabu chake cha viwango, tofauti na kile cha binafsi, na mtahini anaweza kuwa hajakigusa miaka mingi. Nimesikia watu waliokuwa tayari kabisa wakasubiri miezi, kisha mtahini akawaambia hafanyi mtihani huo.

Kwa hiyo katika maswali yote ya kumuuliza mwalimu kabla ya kutoa pesa, hili ndilo ningelianza nalo: nani atanitahini? Mzee, siku ile ile ya kikombe cha mafuta, alitoa simu mfukoni akampigia mtahini nikiwa nimesimama pale. "Nina mtu wa burudani," akasema. "Utamfanyia?" Akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akakata simu. Ndipo akaniuliza ninaweza kuja siku gani za wiki.